Unga wa Misheni kwa Bei ya Kesho

Ijumaa ile uani kwangu tulikuwa watu wanne. Mimi mwenyewe, nimekaa mkekani kwa sababu magoti yangu hayataki tena kigoda. Mkamwana wangu, mjane wa mwanangu wa pili, ambaye mumewe alipofariki hakurudi kwao, alibaki na mimi na ndiye anayenilisha hadi leo. Binti yake, mjukuu wangu, aliyekuwa apokee Komunyo ya kwanza Jumapili yake. Na jirani yangu, Mlutheri, ambaye kibanja chake cha migomba na changu vinapakana, hakuna hata ua. Mimi na yeye tuliolewa kwenye kilima hiki msimu mmoja wa kahawa. Wa tano alikuja kesho yake asubuhi, lakini nimtaje hapa hapa kwa sababu bila yeye nisingeshika kalamu. Ni shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, katekista wa kigango chetu.

Majina yao ninayo yote, ya ubatizo na ya ukoo, na la mwenye duka wa Kemondo, na la Sista, na hata la Sista aliyekuwa kabla yake. Watu wa hapa wakigombania ukoo huja kuniuliza fulani alizaliwa na nani. Lakini mkamwana aliniambia, "Mama, andika ukitaka, ila jina langu lisiwemo." Nikaona nikiacha lake na kutaja ya wengine, itaonekana yeye ndiye wa kufichwa. Basi nimeacha yote. Shule niliishia darasa la nne, mkono wangu ni mzito, mtanivumilia.

Habari yenyewe ni ya unga wa ngano. Ngano haioti kwetu. Upande huu wa ziwa Mungu ametupa ndizi, kahawa na maharage, na ukishuka Ngenge kwenye joto unakuta muhogo na mahindi. Nilipokuwa msichana unga wa ngano ulikuja na meli kutoka Mwanza ukaishia misheni na kwenye maduka ya mjini Bukoba. Sisi tuliuona Krismasi, tena kidogo. Asubuhi tulikula ndizi zilizolala, unazipasha kwenye majivu, na hakuna aliyelalamika. Siku hizi mtoto haendi shule bila andazi au chapati. Ukimpa ndizi ya jana anakutazama kama umemwonea. Ndivyo tulivyojiingiza kwenye mambo ya ngano, sisi tusiojua hata jani lake likoje.

Nyumbani kwangu ngano iliingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni misheni. Masista wa parokia ndio waliokuwa wakioka hosti za Misa, vile vikate vyembamba vya Komunyo. Zamani walioka kwa koleo la chuma lenye mabamba mawili, juu ya moto, baadaye wakapata mashine ya umeme. Unga wao alikuwa akiuleta mume wangu kutoka Kemondo, kwa kuwa alikuwa na baiskeli wakati wengine hawana. Hakulipwa kwa kazi hiyo wala hakutaka. Alipokufa akaendelea mwanangu, na mwanangu alipokufa mkamwana akaichukua bila kuulizwa na mtu. Fedha ya unga walikuwa wakitoa Masista, yeye anauchagua dukani, anauchekecha nyumbani kutoa wadudu na nyuzi za mfuko, anauweka kwenye ndoo ya bluu yenye kifuniko, na Sista akihitaji anaupeleka. Ndoo ile ilikuwa haiguswi kwa kitu kingine. Hata njaa ikiingia haiguswi.

Mlango wa pili ni mandazi. Mkamwana ana kibanda Kemondo, karibu na bandari, anawakaangia makuli na wavuvi na madereva wa malori. Huo ndio mtaji wetu. Chumvi, sabuni, dawa yangu ya presha, daftari za mtoto, vyote vinatoka kwenye karai lile.

Redio ilipoanza kusema vita vya Urusi na Ukraine, nilimwambia jirani kwamba watu wale wako mbali, tuwaombee. Sikujua kwamba ninajiombea mwenyewe. Haukupita muda unga ukapanda. Tukaambiwa ngano inayosagwa Mwanza na Dar es Salaam nyingi inatoka huko huko wanakopigana, na meli zinaogopa kupita. Ikapanda, ikashuka kidogo, ikapanda tena. Mafuta ya kukaangia nayo yakafuata. Mkamwana hakuweza kupandisha bei, maana kuli ana sarafu ileile aliyokuwa nayo jana. Akapunguza andazi.

Makuli wana midomo. Mmoja alilinyanyua andazi mbele ya wenzake akamuuliza, "Mama, hiki ni chakula au umenishonea kifungo cha koti?"

"Kishone basi, koti lako halina kifungo hata kimoja," mkamwana akamjibu.

Walicheka na wakanunua. Lakini mtu haishi kwa kuchekwa kila asubuhi. Akaanza kuchanganya, unga wa ngano na unga wa muhogo uliosagwa laini. Hakuficha. Alimwambia kila mnunuzi, "Haya yana muhogo, yanashibisha zaidi." Wengine walipenda, wengine walihamia kibanda cha pili. Nyumbani zikawa ndoo mbili, nyeupe ya mchanganyiko wa mandazi na ya bluu ya misheni. Tukaziita "ya muhogo" na "ya ngano." Kumbukeni hilo, ndipo kosa lilipopita.

Sasa niwaeleze jambo la bakuli. Kwetu mtu akikukopesha kitu kwa bakuli, hulirudishi likiwa sawasawa. Alikupa likiwa limelingana na ukingo, wewe unarudisha limejaa mpaka juu kuna kilima. Hicho kilima ndicho ahsante. Ukirudisha la kulingana hakuna atakayekusema, lakini wewe mwenyewe utatembea na aibu njia nzima. Mama yangu alifanya hivyo, na mama mkwe wangu, na sijawahi kumwona jirani akifanya vingine miaka yote ya ujirani wetu.

Jirani alipata wageni, wakwe wa binti yake aliyeolewa Ngenge. Akaja kwa mkamwana kukopa bakuli la unga wa ngano apike chapati. Wakati ule mandazi yalikuwa bado ya ngano tupu, akapewa bakuli la kulingana. Wageni wakala wakaondoka. Kabla hajarudisha, bei ikaruka. Jirani ni mtu wa maneno machache na mjane kama mimi. Alijikusanya akanunua ngano ya kutosha kulinganisha bakuli. Ya kilima hakuwa nayo. Unga wa muhogo alikuwa nao wa kutosha, binti yake humletea kutoka Ngenge, mweupe, laini kama poda. Akachanganya, akajaza bakuli likawa na kilima kizuri, akaleta.

Mkamwana alikuwa Kemondo. Mimi nilikuwa zahanati. Nyumbani alikuwepo mjukuu peke yake. Akampokea bakuli kwa mikono miwili kama tulivyomfundisha, akauliza kwa neno letu la heshima, "Waitu, ni unga gani, nimimine wapi?"

Jirani akasema, "Ni ngano."

Angesema nini kingine? Amwambie mtoto kwamba ameongeza muhogo? Mtoto akafunua ndoo ya ngano, ya bluu, akamimina. Jirani hakujua ndoo ile ni ya nani. Mtoto alijua kwamba ngano huwekwa huko. Wala hatukukumbuka kumuuliza, kwa sababu bakuli lilikuwa limesharudi kwenye rafu, safi, na mtu akiona bakuli limerudi anajua mambo yamekwisha.

Ndiyo Ijumaa hiyo tumekaa uani tunamenya ndizi za sherehe ya Jumapili. Mjukuu alikuwa anasoma kwa sauti aliyofundishwa kwenye mafundisho ya Komunyo, anatembea huku na huku kati ya maganda. Akasema Sista amewafundisha kwamba hosti ni unga wa ngano na maji tu. Hakuna chumvi, hakuna sukari, hakuna hamira, hakuna unga mwingine wowote. Ukitiwa unga mwingine hiyo si hosti, na Padre akisoma juu yake amesoma juu ya kitu kingine.

"Hata kwetu ni ngano," jirani akasema. "Mchungaji wetu naye hakubali kitu kingine." Akamenya ndizi moja, akaiweka. Kisha akauliza, "Huo unga wenu wa kanisani mnautunzaga wapi?"

"Si pale kwenye ndoo ya bluu," mkamwana akasema. "Nilimpelekea Sista Jumatatu. Wamekwisha kuoka."

Jirani akaweka kisu chini. Nilifikiri amejikata.

"Nami nilimimina humo," akasema.

"Ulimimina nini?"

"Lile bakuli nililokopa. Nilipungukiwa, nikaongeza muhogo. Nilimwambia mtoto ni ngano."

Mjukuu alitutazama mmoja mmoja, maana ndiye aliyefunua ndoo. Mkamwana akamwambia aende akatazame maharage, na yalikuwa hayajainjikwa. Mtoto akaenda akasimama jikoni kwenye jiko lisilo na moto.

"Kiasi gani?" mkamwana akauliza.

"Kile cha juu tu. Kile cha kujaza."

"Kingekuwa kijiko ingekuwa hivyo hivyo."

Jirani akaanza kulia bila sauti, akijifuta kwa mgongo wa mkono kwa sababu viganja vilikuwa na utomvu wa ndizi. Akasema atakwenda mwenyewe kwa Sista jioni ile ile, ataeleza. Mkamwana akakataa. Maneno yake niliyashika. Alisema, "Mama, ukienda wewe, hapa kilimani watasema Mlutheri ameharibu hosti za Wakatoliki. Hilo halitaisha sisi tukiwa hai. Unga ulitoka kwenye ndoo yangu. Nitakwenda mimi, na sitataja bakuli."

Nilimwambia, "Watasema ni wewe uliyechanganya. Kemondo nzima inajua unachanganya."

"Najua, Mama."

Hapo alikuwa na njia mbili mbele yake. Akinyamaza, hakuna ambaye angejua, na Jumapili watoto wangepokea, na wa kwake akiwa mmojawapo. Akisema, anaweka jina lake kwenye midomo ya watu. Hakukaa sana kwenye hilo. Lililomsumbua ni jingine, kwamba hawezi kwenda kwa Sista mikono mitupu kumwambia hosti zako tupa na unga sina. Kwanza apate unga. Jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Bukoba mjini tungefika maduka yanafungwa. Tukapanda bodaboda, mimi katikati, hadi Kemondo.

Mwenye duka la jumla wa pale ni kijana niliyemjua akiwa tumboni mwa mama yake. Mbele ya duka kulikuwa na dereva wa lori aliyetoka Mwanza, amekaa juu ya kreti anakunywa soda, na wanawake wawili wanaokaanga kama mkamwana. Ndani, nyuma ya mwenye duka, turubai limefunika kitu kirefu.

"Unga wa ngano, kilo chache," mkamwana akasema.

"Ngano leo siuzi kwa kilo, dada yangu. Nauza mfuko mzima. Na bei ni ya kesho."

"Bei ya kesho ndiyo ipi, na kesho haijafika?"

"Tajiri wangu wa Mwanza kanipigia simu. Kasema nisimalize mzigo. Meli za ngano zimezuiwa tena huko baharini kwao. Wiki ijayo mtaikumbuka bei ya leo."

Dereva akacheka. "Mimi nimetoka Mwanza juzi. Kinu kinasaga usiku na mchana. Redio inasema huko duniani ngano imeshuka, mavuno yao mazuri."

"Imeshuka huko kwao," mwenye duka akasema. "Huku haijapata nauli."

Hata mimi nilicheka, na sikuwa na cha kuchekea. Mmoja wa wale wanawake akamwambia, "Ikipanda huko, hapa inafika siku hiyo hiyo. Ikishuka inakuja kwa miguu." Mwenye duka hakukasirika. Alitoa simu mfukoni akaitazama, akairudisha.

Nikamuuliza, "Mwanangu, hao wanaopanga bei ya ngano wanakaa wapi?"

"Bibi, ningewajua ningekwenda kuwapigia magoti. Mimi napigiwa simu na wa Mwanza, wa Mwanza anapigiwa na wa Dar es Salaam, wa Dar es Salaam sijui anapigiwa na nani. Nikiuza leo kwa bei ya jana, nitaagiza mzigo mwingine kwa fedha gani? Nikinunua ghali halafu ikashuka, ninyi mtapita hapa mlangoni kama hamnijui. Hata sasa silali."

Niliamini kwamba hapati usingizi. Macho yake yalikuwa mekundu, na alikuwa na mke mjamzito. Watu wamemsema vibaya baadaye kwamba alificha unga. Mimi nilimwona akiogopa kama sisi, tofauti ni kwamba yeye anaogopea ndani ya duka.

Mkamwana aliomba apimiwe kidogo tu, ni kwa ajili ya misheni. Mwenye duka akasema kila mtu leo ana sababu, akifungua mfuko kwa mmoja atawafungulia wote. Wale wanawake walikuwa wanasikiliza, na ni kweli wangedai. Mkamwana akanivuta pembeni.

"Mama, mtaji wote utakwenda hapa."

"Na nyama ya Jumapili?"

"Nayo itakwenda."

"Dereva kasema imeshuka. Tukinunua leo na wiki ijayo ikawa chini?"

"Dereva hajui, na huyu hajui. Jumapili ndiyo ninayoijua."

Akafungua fundo la khanga yake. Kijana alipokea fedha bila kumtazama usoni. Mfuko ukapakiwa kwenye bodaboda ya pili, tukarudi nao nyumbani. Jirani alikuwa bado uani amekaa palepale, ndizi zote ameshazimenya peke yake.

Sasa nafika Jumamosi, na hapa nawaomba msome polepole.

Kulipopambazuka mkamwana alichekecha unga mpya, akajaza kikapu kikubwa, akakifunika kwa kitambaa. Sikupenda akipeleke kikiwa na kilima, lakini alikijaza kikawa na kilima. Karai la mandazi liliachwa limening'inia jikoni. Nilimwona mimi kwa macho yangu akijitwisha kikapu na kushika njia. Hakuna mtu aliyekuwa amekuja kumwita. Hakuna simu iliyolia, na simu ya nyumbani ni moja, ilikuwa kwangu.

Njia ya kwenda misheni na ya kwenda Kemondo ni moja kutoka kwetu hadi njia panda penye bomba la maji. Hapo ya misheni inapanda kulia, ya Kemondo inateremka. Wakati huo huo shemeji yangu alikuwa anatoka misheni kuja kwetu. Sista alikuwa amemtuma, maana hosti za safari ile zilikuwa zinapasuka zikikatwa, kingo zinamomonyoka, na Sista akataka kumuuliza mkamwana alinunua unga wa namna gani. Akamkuta njiani, akampa ujumbe. Kisha yeye akaendelea hadi kwangu kuninywea chai, na mkamwana akaenda misheni.

Yaliyotokea kule sikuyaona, nimeyapata kwake. Alimwambia Sista kwamba unga wa kwenye ndoo ulikuwa na muhogo ndani yake, kosa lilitokea nyumbani kwake, na huu hapa ni ngano tupu. Sista akamuuliza ulichanganyikaje. Akasema, "Ulichanganyika nyumbani kwangu." Sista hakugomba. Alikwenda kwa Padre, akarudi, akakusanya hosti zote za safari ile akazitenga. Walioka upya siku nzima, umeme ukikatika wanasubiri, ukirudi wanaendelea. Mkamwana alibaki kuwakatia. Hazikutosha. Jumapili Padre alizivunja vipande vipande, watoto wakapokea kipande kidogo kama ukucha.

Mjukuu wangu alirudi sehemu yake na gauni lake jeupe, akapiga magoti muda mrefu kuliko wenzake. Nyumbani tulikula ndizi na maharage. Aliniuliza pembeni, "Bibi, kile kidogo kinahesabika?" Nikamwambia kinahesabika chote. Akasema, "Mimi ndiye niliyefunua ndoo." Nikamwambia kufunua ndoo uliyofundishwa kufunua si dhambi, akamuulize Padre kama haniamini. Alimuuliza kweli. Lakini mpaka leo mgeni akileta kitu kwa bakuli, mtoto huyo hatoki chumbani kupokea.

Bei, niiseme nayo. Kabla mwezi haujaisha unga ulishuka. Dereva alikuwa sahihi, au labda mavuno ya wale watu, au meli zilipita, sijui. Mwenye duka alibandua turubai akauza kwa kilo akiwa amenuna. Mkamwana alikuwa na mfuko alioununua kwa bei ya kesho ambayo haikufika, na wenzake wakakaanga mandazi makubwa kwa unga wa bei rahisi. Makuli wakawafuata. Baadaye ikapanda tena kidogo, na redio juzi imesema ukame, jana imesema mavuno. Nimeacha kusikiliza sehemu hiyo. Naizima inapofika kwenye ngano, halafu nawasha tena kwa ajili ya matangazo ya vifo.

Mtaji unajengwa upya polepole. Hilo silo ninalolilia. Parokia sasa inaletewa hosti zilizookwa tayari kutoka mjini Bukoba. Sista alikuja mwenyewe kutueleza kwamba ni utaratibu, mashine imechoka, umeme ni ghali, na unga haueleweki bei yake. Alisema kwa upole na nilimkubalia. Lakini ndoo ya bluu sasa ina maharage ya mbegu, na mkamwana hajawahi kuifunua. Hunituma mimi.

Na kwenye jumuiya yetu ya sala watu wanasema alichanganya muhogo ili abakize ngano ya misheni kwa mandazi yake, na kwamba hosti zilipopasuka Sista akamwita, ndipo akakiri. Jirani yangu alitaka kusimama hadharani aseme. Mkamwana alimkatalia muda mrefu. Mwezi huu jirani amekuja kwangu peke yake akaniambia, "Waitu, andika. Mimi nimezeeka, wanifanye wanavyotaka. Andika na bakuli." Nimeandika na bakuli.

La kuitwa limebaki. Shemeji yangu si mwongo. Anasema alichokiona. Nilimuuliza nikiwa nimemkalisha hapa hapa mkekani.

"Ulimkutia wapi?"

"Pale bombani, shemeji."

"Alikuwa ameshika njia ya wapi?"

"Ya Kemondo. Alikuwa na unga, nikajua anakwenda kukaanga."

"Anayekwenda kukaanga hubeba karai. Kibandani haliachwi, litaibiwa. Uliliona karai?"

"Sikuangalia karai. Nilitumwa kumwita, nikamwita, akaja. Utaniambia hakuitwa?"

"Nakuambia alikuwa anakwenda."

"Anakwenda wapi, shemeji, mtu hajaitwa?"

Ni katekista, amezoea watu kwenda wakiitwa. Hatukugombana, alikunywa chai yake. Lakini jumuiya inamsikiliza yeye, mimi ni mama mkwe.

Mkamwana mwenyewe nikimuuliza anasema yaishe. Anasema alikuwa amesimama bombani akibadilisha bega, kikapu kilikuwa kizito, hakumbuki uso wake ulikuwa umeelekea wapi. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwa sababu ninakaribia kwenda, na yeye atabaki na watu hawa.

Jumamosi ile pale bombani kulikuwa na foleni, maji yalikuwa yametoka baada ya kukatika. Kulikuwa na mama mwenye mtoto mgongoni, kulikuwa na mzee mwenye baiskeli ya madumu, na vijana wa bodaboda. Nawajua, na wao wanajijua. Aliyemwona akipanda kulia kabla katekista hajatokea, na aseme. Na kama mimi ndiye niliyekosea, kama kweli alikuwa ameshaanza kuteremka Kemondo na mimi kwa mapenzi nimempandisha misheni, nisahihisheni, sitakasirika. Ila mje mniambie hapa uani, mchana, mkamwana akiwa amekaa nasi anasikia.